Jiwe, cheti na ahadi ya mara kumi: jibu kwa mwalimu mstaafu kuhusu hisa za dhahabu

"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mwanza. Mwezi uliopita mpwa wangu alinikutanisha na watu wanaouza hisa za awali za kampuni yenye leseni ya utafiti wa dhahabu mkoani Geita. Walinionyesha jiwe lenye dhahabu inayoonekana kwa macho, cheti cha maabara, na taarifa isemayo kwamba shimo lao moja limekata mita 24 zenye wastani wa gramu 4.1 kwa tani, ikiwemo mita 2 zenye gramu 46. Wanasema eneo lao limepakana na mgodi mkubwa, kwamba chini ya ardhi kuna wakia 900,000, na kwamba mwakani kampuni ikiorodheshwa katika soko la hisa la Toronto bei itapanda mara kumi. Wananitaka niweke shilingi milioni 40 za kiinua mgongo changu kabla ya mwisho wa mwezi. Kampuni hizi huhakikishaje kwamba dhahabu ipo? Nami nitajuaje kama huu si utapeli?"

Shikamoo Mwalimu. Swali lako lina maswali mawili ndani yake, na wanaokuuzia hisa wangefurahi uyachukue kama moja. La kwanza ni kama dhahabu ipo. La pili ni kama mwenye hisa ndogo atafaidika hata ikiwapo. Nimefanya kazi ya jiolojia ya utafiti kwa miaka mingi katika Kanda ya Ziwa, na nimeona maeneo yenye dhahabu ya kweli ambayo walioyachangia fedha mwanzoni hawakurudishiwa hata nusu ya walichotoa. Niseme mapema ili usisome kwa wasiwasi: kwa haya uliyonieleza, usitoe fedha hizo kabla ya mwisho wa mwezi. Sina ushahidi kwamba watu hao ni matapeli. Ninachokiona ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya walivyokuonyesha kinachothibitisha wanachokidai.

Nianze na jiwe. Mtu yeyote anayefahamiana na wachimbaji wa maduara huko Geita au Kahama anaweza kupata jiwe linalong'aa dhahabu, na hata kama limetoka kwenye eneo la kampuni yenyewe, liliokotwa kwa sababu lilikuwa zuri kuliko mengine yote. Migodi mingi mikubwa ya shimo la wazi duniani huendeshwa kwa mbale, yaani mawe yenye madini, zenye gramu moja hadi chache tu kwa tani. Gramu moja ndani ya tani ni sehemu moja kati ya milioni, na kwa kiwango hicho jicho halioni kitu. Mwamba unaolisha mgodi mkubwa mara nyingi ni jiwe la kijivu ambalo ungelipita njiani bila kugeuka, ilhali lile linalong'aa huenda limetoka kwenye mshipa wenye unene wa kiganja unaokatika baada ya mita tatu.

Kuhusu kupakana na mgodi mkubwa, ni kweli kwamba ukanda wa miamba ya kale unaozunguka Ziwa Victoria ndio uliobeba Geita, Bulyanhulu na North Mara, kwa hiyo mtafiti anayeomba leseni jirani na maeneo hayo hafanyi ujinga. Hata hivyo dhahabu hufuata nyufa na aina za miamba, haifuati alama za mipaka zilizochorwa ofisini. Ujirani ni sababu ya kutafuta, na mtu anayeutaja kama matokeo anakuuzia mgodi wa mwenzake.

Sasa, uhakiki wenyewe hufanyikaje? Kampuni huanza kwa kuchukua udongo kwenye mistari iliyopimwa, sampuli baada ya sampuli, na kupima sumaku au umeme wa miamba iliyofichwa na udongo mweusi wa mbuga, ambao katika maeneo yetu huweza kufunika kila kitu kwa makumi ya mita. Hatua hizo huonyesha mahali pa kuchoronga, yaani kutoboa ardhi kwa mashine, si kiasi cha dhahabu kilichopo. Ukweli huanza kujulikana pale mashine ya kuchoronga inapoingia kazini. Aina moja ya mashine husaga mwamba na kuupuliza juu kwa hewa kama unga na vipande vidogo. Nyingine, yenye kichwa cha almasi, hutoa mche mrefu wa jiwe usiokatika, mfano wa mche wa sabuni ya kufulia. Mche huo hupangwa kwenye masanduku, ukapigwa picha na kuandikwa kina chake, kisha hupasuliwa kwa msumeno kwa urefu wake. Nusu moja hukatwa vipande, mara nyingi vya mita moja moja, na kupelekwa maabara. Nusu ya pili hubaki kwenye sanduku ili mtu mwingine aje siku yoyote kukagua. Ishike nusu hii inayobaki, nitairudia.

Maabara huiponda sampuli, huisaga hadi iwe unga laini, kisha huchukua gramu 30 au 50 tu za unga huo na kuziyeyusha pamoja na madini ya risasi katika tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 1,000. Risasi inapozama chini huikusanya dhahabu yote iliyokuwamo. Baadaye risasi hiyo huchomwa ndani ya kikombe kinachoifyonza, kikabaki kishanga kidogo cha madini ya thamani ambacho huyeyushwa kwa tindikali na kupimwa kwa kifaa. Njia hii ni ya zamani na inaaminika. Kinachohitaji uangalifu ni kilichotangulia, yaani kama zile gramu 50 zinauwakilisha kweli mwamba uliotoka ardhini.

Fikiria sufuria ya pilau. Mchele umeenea kote, lakini nyama imekaa vipande vipande. Ukichota sahani moja ukapata minofu mitano, huwezi kuapa kwamba sufuria nzima iko hivyo, na ukichota nyingine ukapata wali mtupu, huwezi kusema mpishi hakutia nyama. Dhahabu, hasa ile yenye chembe kubwa, hukaa mwambani kama nyama katika pilau. Ndiyo maana shimo moja halimwambii mjiolojia kitu cha kutegemea, na ndiyo maana kampuni makini huchoronga mashimo mengi kwa nafasi zilizopangwa, na huingiza kwa siri, katikati ya sampuli za kweli, sampuli za kuijaribu maabara: nyingine ni unga ambao kiwango chake cha dhahabu kinajulikana na kimethibitishwa, nyingine ni mwamba usio na dhahabu kabisa, nyingine ni pacha wa sampuli iliyokwisha kupita. Nakumbuka kundi moja la sampuli tulizozishangilia kambini hadi usiku, kisha tukagundua kwamba ile sampuli tupu tuliyoichanganya nayo ilikuwa imerudi na dhahabu. Mashine ya kusagia haikusafishwa vizuri baada ya sampuli tajiri iliyotangulia, na ilitubidi kurudia kazi yote. Furaha ile iliisha kwa barua ya mstari mmoja, lakini hivyo ndivyo kazi inavyotakiwa kwenda.

Kwa hiyo cheti ulichoonyeshwa, hata kikiwa halali, kinasema tu kwamba unga uliofika maabara ulikuwa na dhahabu kiasi fulani. Hakisemi ulitoka wapi, nani aliuchukua, wala uliguswa na mikono mingapi njiani.

Tuje kwenye ile sentensi ya mita 24, kwa maana hapo Mwalimu unaweza kujisahihishia mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Mita 24 zidisha kwa gramu 4.1 ni 98.4. Mita 2 zidisha kwa gramu 46 ni 92. Toa: zinabaki 6.4 kwa mita 22 zilizosalia, yaani wastani wa chini ya gramu 0.3 kwa tani, kiwango ambacho kwa migodi mingi ni mwamba wa kutupa. Shimo lao halikukata mita 24 za dhahabu. Lilikata mshipa mmoja wa mita 2, kisha utajiri wake ukapakazwa juu ya mwamba maskini ili urefu uonekane mkubwa. Hakuna uongo katika namba hizo, na kampuni zilizoorodheshwa hutoa taarifa za namna hii mara kwa mara. Tena hata hizo mita 2 ni urefu wa shimo, si lazima ziwe unene wa mshipa, kwa sababu shimo linaloteremka sambamba na mshipa linaweza kuusindikiza mbali huku unene wake halisi ukiwa nusu mita. Waulize unene halisi ni kiasi gani. Mjiolojia wao akishindwa kujibu, basi hawajachoronga mashimo ya kutosha kujua mshipa umelala upande gani.

Umeuliza utajuaje kama ni utapeli. Mfano mkubwa kuliko yote uko Busang, katika msitu wa Kalimantan Mashariki nchini Indonesia. Kampuni ndogo ya Kanada iitwayo Bre-X ilianza kazi huko mwaka 1993, na kila ilipotoa matokeo makadirio yalipanda, hadi mwanzoni mwa 1997 ilidai kuwa na wakia zipatazo milioni 71. Thamani yake sokoni ilipita dola bilioni 6 za Kanada, na walioinunua hawakuwa washamba peke yao, bali hata mifuko mikubwa ya pensheni ya nchi ile. Maabara iliyopima sampuli haikudanganya: dhahabu ilikuwamo kweli katika unga ule, kwa sababu mtu alikuwa akiutia dhahabu kabla haujafika maabara. Ishara zilikuwepo kwa aliyetaka kuziona. Chembe zile zilikuwa za mviringo, kama dhahabu iliyosagwasagwa na maji ya mto, ilhali ilidaiwa kutoka ndani ya mwamba mgumu. Na ule mche wa jiwe, ambao nusu yake hubaki sandukuni, Bre-X iliusaga karibu wote, hivyo hakikubaki kitu cha maana cha kukagua.

Kilichoiangusha ni hatua rahisi kuliko zote. Kampuni kubwa ya Freeport-McMoRan, ikijiandaa kuingia ubia, ilichoronga mashimo yake yenyewe hatua chache kutoka kwenye mashimo ya Bre-X, na haikupata dhahabu ya maana. Mnamo Machi 1997 mjiolojia wa mradi, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta akafa, na mwezi Mei wakaguzi huru wa Strathcona Mineral Services wakathibitisha kwamba hapakuwa na mashapo, yaani dhahabu iliyolundikana ardhini, ya kuchimbwa. Hisa zikawa karatasi. Kanada ikajibu kwa kanuni zinazoitwa 43-101, zilizoanza kutumika mwaka 2001, ambazo zinataka kila dai la kitaalamu lisimamiwe na mtaalamu aliyesajiliwa na kutajwa kwa jina, anayewajibika kwa anachokisema. Australia ilikuwa tayari na mwongozo wake, JORC, tangu 1989.

Kanuni hizo ndizo zinazokusaidia kuipima ile namba ya wakia 900,000. Wakia moja ni gramu 31.1, kwa hiyo wanazungumzia takriban tani 28 za dhahabu, ambazo kwa wastani wa gramu 1.5 kwa tani zingehitaji mwamba wa karibu tani milioni 19. Namba ya ukubwa huo haitoki kwenye shimo moja wala kumi. Na hata ikitoka kwenye mashimo mengi, kanuni huigawa kwa kiwango cha uhakika: makadirio ya kukisia, yenye mashimo machache yaliyo mbalimbali, makadirio ya kuonyeshwa, ambapo mashimo yamekaribiana, na makadirio yaliyopimwa. Yote hayo bado si akiba ya mgodi. Ili mashapo yaitwe akiba lazima upembuzi wa kina uonyeshe kwamba yanaweza kuchimbwa kwa faida, baada ya kuhesabu umeme, maji, fidia kwa wananchi, kodi, na ugumu wa kuitoa dhahabu kwenye jiwe lake. Ugumu huo usiudharau. Sehemu ya dhahabu ya Bulyanhulu hutoka ikiwa imeshikamana na shaba katika makinikia, yaani mchanga wa madini uliokwisha kuchujwa, na Serikali ilipozuia makinikia hayo kusafirishwa nje mwezi Machi 2017 kila Mtanzania alijifunza kwamba dhahabu kuwapo na dhahabu kuuzika ni mambo mawili. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka huo sheria yetu inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni inayopewa leseni ya uchimbaji mkubwa au wa kati, hisa ambazo haizilipii. Muuzaji anayezidisha wakia 900,000 kwa bei ya dunia kisha akakugawia sehemu yako amesahau yote hayo, au anatumaini wewe huyajui.

Sasa swali la pili, la namna fedha zinavyovutwa. Kampuni ya utafiti haina kitu cha kuuza isipokuwa hisa zake, na kwa kuwa haina mapato, kila shimo linalochorongwa hulipiwa na mwekezaji mpya. Ndiyo maana habari hutolewa kwa awamu, tena nzuri hutangulia. Mara nyingi hisa hupanda kwa kasi shimo la kwanza zuri linapotangazwa, kisha hushuka na kulala miaka mingi wakati kazi ngumu ya upembuzi inaendelea, maana matumaini yamekwisha kuuzwa na mgodi haujazaliwa. Katika masoko ya Kanada, kampuni kama hizi huuza hisa kwa mafungu kwa wawekezaji maalumu kwa bei nafuu, pamoja na haki ya kununua nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa. Hisa hizo kwa kawaida hufungwa miezi minne, na mara mlango unapofunguliwa wengi huuza kwa yule aliyesoma habari njema jana yake. Wapo pia waandishi wanaolipwa kuisifu kampuni, jambo ambalo si kosa wakilitangaza, na mara nyingi hulitangaza kwa herufi ndogo chini kabisa.

Halafu kuna kupungua kwa fungu lako. Tuseme kampuni ina hisa milioni 80 nawe una 800,000, yaani asilimia moja. Ikichangisha mara mbili na hisa zikafika milioni 200, asilimia yako imekuwa 0.4 bila mtu kukuibia chochote. Huo ndio mchezo unavyokwenda hata kwa watu waaminifu.

Sitaki uondoke ukidhani fedha hizi ni za uovu. Bulyanhulu ilifanyiwa utafiti na kampuni ndogo ya Kanada, Sutton Resources, ambayo Barrick iliinunua mwaka 1999, na mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Bila watu waliokubali kupoteza fedha zao, utafiti wa namna hiyo haufanyiki. Lakini wanaoifanya kazi hiyo kwa akili hutawanya fedha ndogo katika kampuni nyingi, wakijua kwamba nyingi zitakufa na moja huenda ikalipa. Hawaweki kiinua mgongo mahali pamoja, na hawanunui hisa ambazo hazina soko. Hilo la mwisho linakugusa moja kwa moja: mpaka kampuni iorodheshwe huna pa kuuzia, na kuorodheshwa Toronto si jambo la kuahidi kwa kalenda. Kampuni inayotaka kuorodheshwa kule kwa mradi wa madini huhitaji taarifa ya kitaalamu inayofuata kanuni za 43-101. Kama wakia 900,000 ni za kweli, basi taarifa hiyo ipo, ina tarehe, na ina jina la mtaalamu aliyeisimamia. Wakisema ni siri ya kampuni, umepata jibu lako.

Kabla ya jambo lolote, fika mwenyewe Ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini, ukiwa na namba ya leseni. Uliza ni leseni ya aina gani, iko hai, na imeandikwa jina la nani, kwa maana leseni ya utafiti inatoa haki ya kutafuta tu, na mara nyingine anayeuza hisa si mwenye leseni. Jina la kampuni na wakurugenzi wake lithibitishe BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kisha waulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama watu hao wameidhinishwa kuuza hisa kwa umma. Mtu anayezunguka mitaani kuwauzia wastaafu hisa bila waraka ulioidhinishwa yuko upande mbaya wa sheria, hata kama dhahabu yake ni ya kweli. Namba ya cheti ipelekwe kwenye maabara iliyotajwa, uwaulize kama waliitoa wao. Ukiona bado unavutwa, mlipe wakili, na umlipe mjiolojia wa kujitegemea kwa kazi yake, si kwa asilimia ya unachowekeza. Na kama umekwisha kutoa hata sehemu ya fedha, tunza risiti na ujumbe wote wa simu, uende polisi na kwenye Mamlaka hiyo mapema, kabla namba zao hazijazimwa.

Mpwa wako usimgombeze. Muulize kwa upole kama anapata kamisheni kwa kila anayemleta; wengi katika hali yake huamini kabisa wanachokiuza, na wengine wameshatia fedha zao humo humo.

Na kama watarudi kukuharakisha, waombe kitu kimoja tu: jedwali la mashimo yote waliyochoronga, pamoja na yaliyotoka patupu, likionyesha mahali lilipo kila shimo, pembe yake, kina chake, na matokeo ya kila mita. Kampuni inayofanya kazi halali inalo, kwa sababu bila jedwali hilo haiwezi kukadiria hata wakia moja. Wakikupa, niandikie tena, tutalisoma pamoja mstari kwa mstari.